Nyanya Alizikwa Nikitazama Kwenye Simu

Barua kwa Mwalimu, Aprili 2021

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nakuru. Nimepanga chumba Kaptembwa, kwetu ni Vihiga, karibu na Chavakali. Rais alipozifunga kaunti tano, Nakuru ikiwemo, kwa ajili ya korona Machi 26, na masomo ya darasani yakasimamishwa, wenzangu wawili wa ploti hii waliondoka jioni ileile. Mimi sikuwa na nauli. Nilidhani ningesafiri Jumatatu.

Wiki ya Pasaka nyanya yangu akafariki. Ndiye aliyenilea nikiwa mdogo, Mama akifanya kazi mbali. Mazishi ilibidi yafanywe ndani ya saa 72 na watu wasizidi hamsini. Binamu yangu alinionyesha kwa video ya simu. Jeneza lilipoanza kushushwa mtandao ukakwama, picha ikabaki ya mkono wa mtu na kamba. Ilipofunguka, wanaume walikuwa wameshaanza kurudisha udongo. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa na CAT, jaribio la katikati ya muhula, ya mtandaoni, nikaifanya.

Tangu siku hiyo sijalia. Sipati usingizi mpaka saa kumi alfajiri. Pikipiki ikipita nje, moyo unanienda mbio. Nasoma mstari mmoja mara kumi na hauingii. Mama akipiga simu namwambia niko sawa, kwa sababu naye amefiwa na mama yake. Nina ujumbe wa sauti wa nyanya, sekunde 41, naogopa kuusikiliza. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Mitihani inaanza baada ya wiki mbili. Mwalimu, je, nimerukwa na akili?

Msichana wa Kaptembwa

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa msiba.

Naanza na ile sentensi ya kutamani kulala usiamke, kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Nakuuliza waziwazi kama nilivyowauliza wanafunzi wengi nilipokuwa mshauri wao: umewahi kuwaza kujitoa uhai? Watu huogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo hilo. Sijaona hivyo. Mara nyingi aliyeulizwa alishusha pumzi na kuanza kuongea. Kama jibu lako ni ndiyo, au likiwa ndiyo usiku wa leo, usikae peke yako. Mgongee jirani mlango. Piga 1199, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Haikutozi pesa, na upande wa pili kuna mtu wa kukusikiliza. Hospitali kuu ya kaunti, ile tunayoiita PGH, inatibu afya ya akili, na kafyu haimzuii mtu anayekimbizwa hospitali.

Hapana, hujarukwa na akili. Umefiwa, umefungiwa, na umepewa mtihani, vyote katika wiki moja. Julai 2020 jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliikabidhi serikali ripoti yake na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Nakutajia hili ujue kwamba unayoyaona humo chumbani yameonekana na madaktari katika nchi nzima.

Sasa nikueleze jambo langu. Mwaka 1982 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, chuo kilifungwa. Tulirudishwa makwetu na kutakiwa kupiga ripoti kwa chifu. Nilikaa nyumbani Kimilili zaidi ya mwaka mmoja. Nakumbuka benchi lililokuwa nje ya ofisi ya chifu, mguu mmoja mfupi, ukiketi linayumba. Karani alikuwa anaita jina, natia sahihi, narudi nyumbani. Nikimuuliza tutarudi lini, hata yeye alikuwa hajui. Ugonjwa wangu, kama nitauita hivyo, ulikuwa huko kutojua. Kifungo cha miezi sita mtu angekihesabu. Yetu ilikuwa haihesabiki. Nilianza kuamka saa tano mchana, nikawa siongei na mtu, vitabu nimevifungia kwenye sanduku.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu mmoja mfyatuaji matofali. Alinikuta nimeketi chini ya mwembe, hakunihubiria chochote, akasema, "Shika kalibu hiyo." Siku ya kwanza nilitoa matofali 37, mengi yakapasuka yalipokauka. Baada ya wiki tatu nikafika 120. Jioni nilikuwa na namba ya kusema mezani. Habari za chuo zilikuwa bado gizani, ila nilijua matofali yangu ya kesho ni mangapi, na usingizi ukarudi kabla hata barua ya kurudi haijaja.

Wewe matofali yako ni kurasa. Usiamke ukiutazama muhula mzima. Chukua kurasa nne za noti kabla ya saa sita, andika namba hiyo nyuma ya kalenda kwa penseli, ukimaliza ikate kwa mstari. Siku ikiwa mbaya, kurasa ziwe mbili. Sifuri usiikubali, hata kama ukurasa mmoja utakuchukua saa nzima.

Na huo moyo unaokimbia. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio ili misuli ipate damu ya kukutorosha. Ukikutana na nyati ni msaada mkubwa. Ukiwa umelala unatazama mabati, miguu haina pa kukimbilia, kishindo chote kinabaki kifuani. Basi uupe mwili unachotaka. Saa kumi jioni vaa barakoa, tembea upande wa ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru mpaka jasho likutoke, urudi mapema kabla ya kafyu ya saa mbili. Usiku moyo ukianza, keti, vuta pumzi puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Fanya hivyo dakika tano. Kutoa pumzi ndefu hupunguza mwendo wa moyo.

Najua chumba cha ploti: kitanda ndicho darasa, ndicho meza, na kwako wewe ndicho ulichokalia wakati wa mazishi. Kitanda kiache kiwe cha kulala tu. Geuza ndoo, weka mto juu, soma hapo ukiegemea ukuta. Amka saa kumi na mbili na nusu kila siku, hata kama umelala saa kumi, na mchana usilale zaidi ya nusu saa. Takwimu za korona ambazo Wizara ya Afya hutoa kila siku zisome mara moja kisha uachane nazo. Watu wanazituma kwenye kila kikundi cha WhatsApp, nawe unazika upya kila dakika kumi.

Nimefika kwa nyanya. Hapa ndipo nadhani pana kidonda chenyewe, mitihani imekipiga juu tu. Kwetu magharibi mtu hazikwi kwa nusu saa. Watu hukesha, huimba, hugombana kuhusu chakula, hunyolewa nywele, na mjukuu huambiwa asogee amwage udongo kwa mkono wake. Wewe ulionyeshwa kamba, kisha udongo. Si ajabu machozi hayajui pa kuanzia. Hakuna sheria inayokukataza kumfanyia matanga yako hapo Kaptembwa. Chagua siku. Pika alichokuwa akikupikia; kama ni mrenda, nenda sokoni ukautafute. Mpigie simu binamu aliyekushikia video, abaki hewani, kisha ufungue ujumbe wa nyanya uzisikilize hizo sekunde 41. Ufanye hivyo mchana, mlango ukiwa wazi. Kabla ya hapo mwombe binamu auhifadhi ujumbe huo kwenye simu yake, maana simu huibwa. Ukilia, lia. Usipolia, hujakosea kitu. Na barabara ikifunguliwa usikimbilie darasani moja kwa moja: nenda Chavakali kwanza, ukalishike kaburi la guku wako, nyanya yako.

Mitihani. Usiingie ukijua huwezi, wala usipotee kimya, maana chuo hakijui kwamba umefiwa. Andika barua pepe leo kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, mistari mitano inatosha: jina, namba ya usajili, nani amefariki, tarehe ya mazishi, na ombi lako la kufanya mtihani maalumu. Mwombe binamu apige picha kibali cha mazishi au barua ya chifu uiambatishe. Mtihani maalumu haufanani na wa marudio. Wa marudio ni wa aliyeanguka, na aghalabu alama zake zina kikomo. Maalumu ni wa mwenye sababu, unapewa alama zako zote. Nimeona wanafunzi wazuri wakipoteza daraja kwa kuona aibu kuandika barua ya mistari mitano. Mwakilishi wa darasa naye mweleze, akufuatilie usipojibiwa.

La mwisho ni Mama. Unamficha ili usimwongezee mzigo. Nakwambia kwa upole, binti yangu: naye yuko huko anakwambia yuko sawa kwa sababu ileile. Mpigie, umwombe akusimulie siku ya mwisho ya nyanya, alikula nini, alisema nini. Yeye atapata wa kumsimulia. Kisha mwambie hulali.

Niandikie tena baada ya wiki mbili. Kama bado hulali, huli, na hakuna kinachokufurahisha, hapo usiendelee na dawa za barua. Nenda ukaonwe na daktari.

SWALI

Mwalimu, kijana wangu yuko mwaka wa kwanza. Tangu chuo kifungwe yuko nyumbani hapa Kisumu, anakesha na simu, mchana analala, ukimsemesha anajibu neno moja. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye, narudi jioni nimechoka, tunagombana. Baba yake anasema ni uvivu, tumnyang'anye simu. Tufanyeje?

Mama wa Kibuye

JIBU

Simu msiichukue, Mama. Ndilo darasa lake, ndipo walipo marafiki zake, na wengi hupakua masomo usiku wa manane kwa kuwa mtandao unakuwa mwepesi. Mwulize kwanza anafanya nini usiku kabla ya kumwita mvivu. Huenda ikawa ni michezo. Huenda ikawa ni somo ambalo haelewi na anaona haya kulisema, kwani huyu mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo.

Ila usimketishe sebuleni umkazie macho. Vijana wa kiume wengi hawaongei wakitazamwa usoni; huongea mikono ikiwa na kazi. Siku unayofungua belo la mitumba, nenda naye Kibuye. Mketishe kando yako mchambue nguo, yeye ahesabu mashati na kuyapanga kwa bei, wewe usiulize chochote saa ya kwanza. Akianza kusema, usimkatize kwa nasaha, na Baba naye umwombe hivyo hivyo. Mlipe kitu kidogo cha bando kwa kazi aliyofanya, na keshoye mwamshe tena saa ileile.