Maswali na Majibu: Malalamiko Yako Umempelekea Nani?

Barua nilizopokea safari hii kutoka Tanga mjini, Muheza na Korogwe karibu zote zinahusu manung'uniko. Nyingine nimezijibu kwa ufupi kwa sababu hazihitaji zaidi ya hapo.

Swali: Mwalimu, kulalamika ni dhambi au ni tabia tu? Biblia imesema wapi? (Msomaji, Chumbageni)

Jibu: Swali hili nimelijibu mara nyingi, na wanaolirudia wangepata jibu kama wangefungua Biblia kabla ya kushika simu. Soma Hesabu 14, Kumbukumbu la Torati 1:27, 1 Wakorintho 10:10 na Wafilipi 2:14. Utaona kwamba kosa la Waisraeli halikuwa kusema kwamba wana kiu, bali kukaa hemani mwao na kuambiana kwamba Mungu amewachukia, na kwamba amewatoa Misri ili awaangamize.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeokoka miaka 12 sasa, lakini nikifumbua macho tu asubuhi naanza: maji hayatoki, joto la kaskazi, bei ya nazi, mkwe wangu, majirani. Hata watoto wameanza kunikwepa. Nimefunga na kuomba, tabia haitoki. (Mama wa watoto watatu, Makorora)

Jibu: Marahaba, mama. Kwanza ondoa hofu kwamba wokovu wako ni wa uongo. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, na mtu aliyejifunza jambo aliwahi kuwa halijui. Makanisa yetu mengi yamezoea kuiita kila tabia mbaya pepo, kisha mtu anafunga siku tatu akitarajia itoke, na isipotoka anakata tamaa. Ulimi uliozoea kunung'unika kwa miaka unafundishwa siku baada ya siku, kwa uvumilivu, na neema ya Mungu ipo katika kufundishwa huko pia.

Usianze kwa kujilazimisha kunyamaza, kwa maana anayenyamaza kwa nguvu tangu asubuhi humwaga yote jioni kwa mtoto aliyevunja kikombe. Yale yale unayowaambia watoto na majirani, mwambie Mungu kwanza, kwa sauti yako ya kawaida, kabla hujatoka chumbani, na usiyapambe kwa maneno ya ibada. Mwandishi wa Zaburi ya 142 alifanya hivyo bila haya. Mfikirie pia Hana, katika 1 Samweli 1. Penina, mke mwenzake, alimchokoza mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hakuwa na mtoto, lakini hatusomi popote kwamba Hana alimjibu, wala kwamba alizunguka akiwasimulia wanawake wengine. Alikwenda mbele za Bwana akaimimina nafsi yake kwa uchungu mkubwa, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kisha akaondoka, akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Mstari huo ni wa 18, na Samweli, mtoto aliyemwomba, hakuwa bado amechukuliwa mimba, kwa hiyo Hana alipata utulivu kabla ya kupata alichoomba. Hapo ndipo ninapotaka ukae, mama, kwa sababu wengi wetu tumejiambia kwamba tutaacha kulalamika siku maji yatakapotoka.

Ukimaliza kumwambia Mungu shida, taja jambo moja la jana ulilotendewa, na ulitaje lilivyokuwa: jirani aliyekuwekea ndoo kwenye foleni, au mtoto ambaye homa imemshuka. Kusema tu "asante kwa uzima" kwa mazoea hakukufundishi kitu. Tazama vilevile unalalamika mbele ya nani, kwa sababu wengi wetu tuna rafiki mmoja wa kibarazani ambaye tukiyaondoa manung'uniko hatuna la kuzungumza naye. Punguza kukaa naye mpaka mpate mazungumzo mengine. Halafu waombe radhi watoto wako, kwa kuwa wamebebeshwa mizigo isiyo yao.

Swali: Nakata mkonge katika shamba moja huku Korogwe, na ujira wetu umechelewa, huu ni mwezi wa pili. Nilipolieleza kwenye jumuiya, mzee mmoja alinisomea Yakobo 5:9, kwamba tusinung'unikiane. Je, ninyamaze? (Kibarua, Korogwe)

Jibu: Usinyamaze, ndugu yangu. Mzee huyo amesoma mstari wa tisa na kuuruka wa nne, ambao uko juu yake katika sura ile ile, unaosema kwamba ujira wa waliovuna uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana. Tangu mkonge ulipopandwa Kikokwe, Pangani, mwaka 1893, mkoa huu umekula kwa jasho la wakataji, na ni aibu kwa kanisa kuitumia Biblia kumziba mdomo mtu anayedai haki yake. Andikeni barua kwa mwajiri mkiwa pamoja, mtunze nakala, na mwone tawi la chama cha wafanyakazi. Ikishindikana, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), wala msichelewe, kwa sababu madai ya aina hiyo yanatakiwa yafike huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ninalokuonya ni kumtukana msimamizi kijiweni kila jioni, maana huko hakuna awezaye kukulipa.

Swali: Mtumishi mmoja anauza mafuta ya kuondoa roho ya manung'uniko. Ninunue? (Muheza)

Jibu: Hapana.

Swali: Mume wangu ananipiga. Wazee wa kanisa wanasema mke mwema hanung'uniki, nibebe msalaba wangu. (Ngamiani)

Jibu: Binti yangu, waliokuambia hivyo wamelitumia vibaya neno la Mungu, nami nasema hivyo bila kuwaficha. Kupigwa si manung'uniko, ni kosa la jinai. Nenda kituo cha polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3 ukatibiwe, na usiku huu lala kwa ndugu unayemwamini. Kuomba utaendelea kuomba, lakini ukiwa mahali salama.

Swali: Wanakwaya tumechanga fedha za sare na hatujui zilipo. Tumefungua kikundi cha WhatsApp bila mwenyekiti ili tujadili. Tunakosea? (Mwanakwaya, Tanga)

Jibu: Mnakosea, na mwenyekiti wenu naye anakosea. Mathayo 18:15 inawataka mmwendee aliyekosa, nanyi mmejenga hema jipya la kunung'unikia. Lakini viongozi nao wasome Matendo 6, ambapo wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakumkemea mtu. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Mtakatifu Benedikto, aliyeyachukia manung'uniko kuliko wengi, katika sura ya 41 ya Kanuni aliyowaandikia watawa anamtaka abati, yaani mkuu wa monasteri, apange mambo ili ndugu wasiwe na sababu ya haki ya kunung'unika. Basi kifungeni kikundi hicho, wawili wenu wakamwone mwenyekiti kabla ya mazoezi yajayo, wamwombe daftari la mapokezi na risiti za fundi, na hesabu isomwe mbele ya kwaya nzima.