Kitanzi kinachozidi kuzubaa kwenye sehemu yenye thamani nyingi

Ndugu, nimekupata: rekodi iko kwenye hifadhidata ya UniVerse, sehemu yake ya 5 imebeba orodha ya bei zipatazo 20,000 (kila bei ni thamani moja), na kitanzi chako cha FOR, kinachozisoma moja moja, kinaanza kwa kasi halafu kinakokota miguu. Seva haina kosa. Kila unapoandika REC<5,I>, programu inarudi mwanzo na kuhesabu alama zinazotenganisha thamani mpaka ifike thamani namba I. Kuifikia bei iliyo nafasi ya 19,000 ni kupitia zote zilizotangulia!

Inakili sehemu hiyo pembeni kwanza, kisha tumia REMOVE, amri inayosoma thamani moja baada ya nyingine, maana yenyewe inakumbuka ilipoishia:

ORODHA = REC<5>
JUMLA = 0
LOOP
REMOVE BEI FROM ORODHA SETTING ALAMA
JUMLA = JUMLA + BEI
WHILE ALAMA DO
REPEAT

ALAMA ikiwa 0, umemaliza. Ikiwa 4, umegota kwenye thamani ndogo (subvalue, yaani thamani iliyo ndani ya thamani nyingine), kwa hiyo ichunguze kama data yako inazo. Halafu usiibadilishe ORODHA ndani ya kitanzi: kielekezi, yaani kumbukumbu ya mahali REMOVE ilipofika, kinarudi mwanzo na kitanzi hakiishi. Hilo lilinifanya nikeshe usiku mzima.

Kama thamani ni kumi tu, bakia na FOR, ila DCOUNT, inayohesabu idadi ya thamani, ihesabu mara moja tu, nje ya kitanzi. Jaribu kwenye nakala. Data halisi usiiguse kabla ya kuongea na msimamizi wa hifadhidata.