Saa 4 asubuhi ni mapema mno

Dada, umesema mmepangiwa kuripoti bandari ya Miami saa 7 mchana, meli ya utalii inang'oa nanga saa 10 na nusu, na mama anataka mfike saa 4 asubuhi "tuwe wa kwanza". Mshawishi abaki hotelini anywe chai. Saa hiyo meli hiyohiyo bado inashusha abiria wa safari iliyopita, na teksi zinazowafuata ndizo zitakazowabana barabarani. Mtaishia kusimama juani na masanduku, na Miami si baridi.

Mimi ningefika saa 6 na nusu hivi. Msipitilize sana saa 8, maana usajili hufungwa saa moja au moja na nusu kabla ya kuondoka, na mlango ukishafungwa hakuna cha kubembeleza. Bandari iko kisiwani: mnaingia kwa daraja kutoka katikati ya mji, au kwa njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa 2014. Na tafadhali msitue kwa ndege asubuhi ya siku hiyohiyo. Laleni mjini usiku mmoja.

Halafu dawa. Wapagazi huchukua masanduku pale nje mnaposhukia. Safari yetu tuliwaachia hata lenye vidonge vya presha vya mama; lilifika mlangoni pa chumba chetu melini saa 1 usiku, naye kanuna tangu mchana. Dawa, pasipoti na kanga ya kujifunika viwe kwenye mkoba wa mkononi. Na kama mama hawezi kusimama muda mrefu, ombeni kiti cha magurudumu palepale mlangoni.