Barua kwa mwanangu: soma na mstari wa 10

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umefunga siku tatu, umeidai ahadi ya Yeremia 29:11, ile ya “mawazo ya amani”, tangu Januari, na bado fremu yako ya duka pale Mwanjelwa haiuzi na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6. Unauliza kama Mungu amekusahau, au ni wewe huna imani.

Kabla ya mstari wa 11 soma wa 10. Maneno hayo ni kipande cha barua ambayo Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa waliochukuliwa mateka Babeli, na ndani yake imetajwa miaka 70. Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 30 siku inasomwa angetimiza 100 kabla ya kurudi kwao. Wengi waliosikia habari ya “mawazo ya amani” walizikwa ugenini, wala Mungu hakuwadanganya: waliorudi ni watoto na wajukuu.

Sasa rudi sura ya 28, ambayo wengi wanairuka. Nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba mateka na vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili. Akaitwaa shingoni mwa Yeremia ile nira aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, akaivunja watu wote wakiona. Alisema kwa jina la BWANA, na ulikuwa uongo. Akina Hanania bado wapo. Anayekuambia utoe sadaka ya mbegu ili mlango ufunguke kabla mwezi haujaisha, anakuuzia ile miaka miwili. Nakusihi, usiende kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili upeleke kwenye madhabahu yake.

Halafu rudi kwenye barua, sura ya 29 mstari wa 5: jengeni nyumba, pandeni bustani. Wewe ni mtoto wa Rungwe, unajua mtu anayehama baada ya miaka miwili hapandi mparachichi. Hata mche uliobebeshwa unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na maua ya mwanzo tunayapukutisha ili shina likomae. Atapanda mchicha, basi. Ndiyo maana nasema kungoja ahadi kunaonekana kwenye kile mtu anachopanda, kuliko kwenye sauti anayopaza akiomba.

Ahadi ya kushika sasa hivi, isiyongoja mwaka wowote, ni Waebrania 13:5: “Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa.” Angalia imekaa wapi: katika mstari uleule unaokataza kupenda fedha. Hajaahidi mauzo. Ameahidi kuwapo, hata fremu ikifungwa.

Kuhusu kufunga, pumzika kwanza, ule. Asubuhi soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu. Daudi anauliza “hata lini” mara nne kabla hajaomba chochote, na kutumaini kunakuja mstari wa 5. Usianzie hapo kwa kujilazimisha. Ukiishia kwenye “hata lini” siku hiyo, bado umesali.

Kwa mwenye nyumba nenda kabla tarehe haijafika, ukiwa na kodi ya mwezi mmoja mkononi, umwombe alipwe mwezi kwa mwezi. Mwambie na mzee wa kanisa wa mtaa wako. Usibebe peke yako kwa aibu.

Kesho nampa kondakta wa kosta ya asubuhi viazi debe moja na mkungu wa ndizi. Uwe stendi ya Nane Nane mapema, na ukishaongea na mwenye nyumba unipigie.

Mama yako