Maswali ya Wasomaji: Feni ya Rejeta Haizimiki

SWALI: Habari za kazi. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A. Feni ya rejeta inaanza kuzunguka mara tu ninapofungua swichi, hata alfajiri injini ikiwa ya baridi, na haisimami mpaka nizime gari. Geji ya joto haivuki katikati. AC ilishakufa na kompresa yake ikatolewa mwaka jana. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa, haikusaidia. Wa pili anataka kukata waya na kuniwekea swichi ya kuwasha feni kwa mkono kwenye dashibodi. Nimkubalie? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Asikate kitu bado. Kwa maelezo yako, tunashuku zaidi kazi iliyofanyika siku kompresa ilipotolewa, na kulithibitisha hilo hakuhitaji hata nusu saa.

Kinachowachanganya mafundi wengi kwenye Corolla za umri huu ni kwamba saketi ya feni inafanya kazi kinyume na wanavyotarajia. Injini ikiwa baridi, swichi ya joto, ile inayofuata joto la maji, imefunga saketi, yaani inapitisha umeme. Umeme unapita kwenye koili ya rilei ya feni (swichi inayovutwa kwa umeme) na kuishia kwenye bodi ya gari, yaani hasi, rilei inavutwa, na ncha zake zinaachana, hivyo feni imetulia. Maji yakifika kama nyuzi 93, swichi ya joto inafungua, yaani inakata saketi, koili inakosa umeme, ncha zinarudi kugusana na feni inazunguka. Yakishuka hadi karibu nyuzi 83, feni inazimwa tena. Toyota walipanga hivyo makusudi: waya ukikatika au soketi ikichomoka, feni izunguke muda wote kuliko injini ichemke. Kwa hiyo feni isiyozimika kwenye gari hili mara nyingi inamaanisha kuna mahali saketi ya koili imekatika.

Sasa, kati ya rilei na swichi ya joto kuna swichi nyingine, ile ya presha ya gesi ya AC. Nayo huwa imefunga, na hufungua presha ikipanda sana ili feni isaidie kupoza kondensa, ile rejeta ya AC. Mtu akitoa mfumo wa AC na kuacha soketi ya swichi hiyo ikining'inia, saketi imekatika na feni haitazimika hata ukibadilisha sensa kumi. Tafuta karibu na kondensa au kwenye mabomba ya AC soketi ya waya mbili isiyochomekwa popote. Ukiipata, unganisha waya zake mbili kwa kipande kifupi cha waya, injini ikiwa baridi na ufunguo ukiwa ON. Feni ikisimama, umemaliza. Unganisha kwa kulehemu au kwa kiungio cha kubana, uzibe vizuri maji yasiingie. Kusokota waya na kuzungushia selotepu kutakurudisha gereji masika yakianza.

Isiposimama, nenda kwenye swichi ya joto yenyewe. Kutegemea injini, hukaa kwenye nyumba ya themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto) au sehemu ya chini ya rejeta. Hapa ndipo fundi wa kwanza pengine alipopotea, maana gari hili lina vitu vitatu vinavyopima joto: cha geji ya dashibodi chenye waya mmoja, sensa ya kompyuta ya injini yenye waya mbili, na swichi ya feni. Kubadilisha kimoja hakugusi kingine. Njia ya kutofautisha ni kuchomoa soketi, kuweka ufunguo ON na kupima waya kwa mita. Waya wa swichi ya feni utaonyesha karibu volti 12, kwa sababu umeme umeshapita kwenye koili ya rilei. Wa sensa ya kompyuta utaonyesha kama volti 5, na huo usiuchezee.

Ukipata zile volti 12, gusisha waya huo kwenye bodi ya gari na usikilize. Rilei ikigonga na feni ikasimama, swichi ya joto imekufa au haipati hasi nzuri. Rilei ikigonga lakini feni ikaendelea, ncha zimeshikana kwa kuungua, au kuna fundi aliyekwishaipa feni umeme wa moja kwa moja. Fuata waya za mota uone kama kuna uliochomekewa pembeni. Usipopata volti yoyote, tatizo liko nyuma ya hapo: swichi ya presha, waya uliokatika, au koili iliyoungua.

Ukinunua rilei, angalia sana. Unahitaji ile ambayo ncha zake zinagusana ikiwa haina umeme. Rilei ya kawaida, ya taa kwa mfano, hufanya kinyume chake: feni itazunguka injini ikiwa baridi na kusimama ikipata moto. Gari litachemka kwenye foleni huku fundi akiapa kwamba feni aliiona ikizunguka. Kabla ya kuilipia, ipime dukani kwa mita. Bila umeme, pini mbili za feni zinapaswa kupitisha. Ukiipa koili volti 12, zisipitishe.

Swichi ya joto inaweza kupimwa kwenye sufuria ya maji ya moto ukiwa na kipimajoto na mita. Ila wewe uko Mbeya, ambako maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko. Swichi inayofungua kwenye 93 itafungua dakika ya mwisho kabisa, na ikichelewa kidogo usiseme mbovu. Mwinuko huohuo ndio unaofanya mfuniko wa rejeta uwe wa muhimu kwako kuliko kwa mtu wa pwani. Mfuniko mzima, wenye alama ya presha ya 0.9, huongeza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Mpira wake ukiwa umepasuka, ubadilishe leo.

Kuhusu swichi ya dashibodi: hatuipendi. Siku utakayoisahau ukiwa foleni, hedi ya alumini itapinda na gasketi itaungua. Na mara nyingi swichi hizo hufungwa kwa waya mwembamba usioendana na mota inayokula amp 6 hadi 10. Kama huna budi wakati unasubiri kipuri, ni afadhali feni iendelee kuzunguka muda wote. Itachakaa mapema na alteneta itabeba mzigo wa bure, lakini injini itabaki salama. Kitu kimoja tu hakivumiliki: feni inayoendelea baada ya kutoa ufunguo. Kwenye Corolla yako hilo si la kawaida, na betri ya amp-saa 45 itakuwa imekwisha usiku huohuo. Hapo chomoa fyuzi ya feni au soketi ya mota unapoegesha, na uirudishe kabla ya kuwasha.

SWALI: Hamjambo. Gari langu ni Toyota dogo la 2005 lenye injini ya 1NZ. Feni haipumziki, taa ya cheki injini inawaka, na asubuhi lazima nipige stata mara nyingi kabla gari halijakubali. Mashine ya kusoma imetoa kodi ya hitilafu P0118. Nimeambiwa kompyuta ya injini imekufa. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Usinunue kompyuta. P0118 inasema kompyuta inaona njia ya sensa ya joto la maji kama iliyokatika. Ikikosa habari za joto, inadhani maji yako nyuzi 80 na kuwasha feni kwa tahadhari. Ndiyo sababu gari linasumbua asubuhi: injini baridi inahitaji mafuta ya ziada, na hii haipewi kwa kuwa imedhaniwa kuwa ya moto.

Mwambie fundi afungue kwenye mashine ukurasa wa data hai (vipimo vya wakati huohuo) na asome joto la maji. Litaonyesha -40, namba ya saketi iliyokatika, si zile 80 ambazo kompyuta inadhania. Achomoe soketi ya sensa, aunganishe pini zake mbili kwa kipande cha waya. Namba ikiruka hadi 140 au zaidi, waya na kompyuta ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Ikibaki -40, kuna waya uliokatika au pini iliyooza ndani ya soketi. Hiyo tunaiona zaidi kwenye injini zilizooshwa kwa maji ya presha. Kompyuta ni ya kushukiwa baada ya waya zote kupimwa, kabla ya hapo hapana.

Sensa nzima ikiwa nyuzi 20 hupima kiloomu 2 hadi 3, na ikiwa nyuzi 80 hupima omu 200 hadi 400. Ibadilishe injini ikiwa imepoa kabisa, ukiwa na gasketi mpya mkononi na kulanti (maji ya rejeta) ya kujazia itakayomwagika. Kaza kwa Nyutoni-mita 20, usizidishe, ile nyumba ni ya alumini. Kisha futa kodi ya hitilafu, jaza kulanti, acha injini iwake mpaka mpira wa juu na wa chini wa rejeta yote miwili iwe ya moto, ili hewa itoke.

Na uulize kama themostati bado imo. Kuna gereji ambazo huitoa kila gari linapochemka. Injini isiyo nayo huchelewa kupata moto, hunywa mafuta, na baada ya sensa mpya utaanza kufukuzana na kodi nyingine, P0128, ya maji yasiyofikia joto linalotakiwa.

SWALI: Nikiwasha AC feni haisimami kabisa. Nikizima, inatulia. Kuna ubaya? – Mama Amina, Tanga

JIBU: Hakuna, mama. AC ikiwaka, kondensa inahitaji upepo muda wote. Hata kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele huwasha kompresa kwenye magari mengi, na feni ikafuata. Wasiwasi uwe pale ambapo feni iko kasi kubwa muda wote na AC haipoozi vizuri: safisha mapezi ya kondensa kwa maji yasiyo na presha kali, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje ikiwezekana, halafu fundi apime kama gesi imezidi.

SWALI: Hiace yangu ya dizeli feni inavuma kama ndege, mwendo wote, na gari limekuwa zito. Haina waya wowote. Nianzie wapi? – Dereva, Dodoma

JIBU: Hiyo inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Ikivuma dakika ya kwanza au mbili asubuhi kisha ikatulia, ni kawaida, kwani mafuta yanakuwa yamejikusanya usiku. Ikivuma bila kuacha, kwanza uhakikishe injini haichemki kweli: rejeta iliyoziba vumbi hupitisha hewa ya moto kwenye klachi, nayo hukaza kama inavyotakiwa. Safisha mapezi uone kama tatizo limeisha.

Likibaki, zima injini, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa izunguke kwa ukinzani laini. Ikiwa imeshikana na puli kabisa, klachi imekwama, ibadilishe. Ikizunguka ovyo bila ukinzani, na mbele yake kuna alama za mafuta meusi yaliyonasa vumbi, basi silikoni imevuja. Hiyo haitavuma, ila itachemsha gari mlimani. Ukibadilisha, angalia pia beringi ya pampu ya maji kwa kutikisa feni mbele na nyuma. Ikicheza, ibadilishe pampu kwenye kazi hiyohiyo, maana bolti zake utakuwa umeshazifikia.