Chaki ya bei nafuu: kasoro inayotibika na isiyotibika

Chaki ninayoizungumzia si ya ubaoni. Kijana wangu wa kwanza pale karakana nilimtuma Kariakoo akaulizie bei ya chaki, akarudi na boksi la chaki nyeupe na risiti. Hapa nina maana ya lile dude la chuma lenye taya nne, linalofungwa kwenye shafti ya mashine ya kukereza mbao na kukamata bakuli au kinu kinachochongwa.

Kila anayeanza huniuliza kama hizi za bei ya chini zinafaa. Mara nyingi zinafaa. Ila lazima ujue kasoro ipi utaimaliza kwa tupa jioni moja, na ipi imezaliwa nayo. Yenye kasoro ya kuzaliwa, hata ukipewa bure, iache.

Anza na hesi, yaani zile nyuzi za kufungia chaki kwenye shafti, na anza nayo kwenye mashine yako kabla hujaenda dukani. Mashine nyingi za ukubwa wa kati zina shafti ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Nyingine, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, zina M33, yaani kipenyo cha milimita 33, uzi hadi uzi milimita 3.5. Zipo za inchi 1¼ nyuzi 8, zipo ndogo za robo tatu ya inchi nyuzi 16. Angalia hizo mbili, M33 na inchi 1¼: kwa macho ni mapacha, kwani inchi 1¼ ni milimita 31.75. Mimi niliwahi kununua chaki ya M33 kwa shafti ya inchi 1¼ kwa sababu muuzaji alisema "zinaingiliana tu, fundi". Iliingia mizunguko michache, ikalegea upande huu na kukwama upande ule. Ningeilazimisha ningeharibu shafti, na shafti ni ghali kuliko chaki.

Baada ya hesi, tazama mgongo wa chaki, pale inapoegemea bega la shafti. Safisha pande zote mbili, maana chembe moja ya mbao iliyobanwa pale hufanya chaki nzima ipige nane ukadhani imepinda. Ifunge mpaka begani. Weka penseli kwenye kiegemeo cha patasi, ncha ikikaribia kuugusa mwili wa chaki, halafu izungushe kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kusinyaa kwa kiasi unachokiona waziwazi, ifungue ufanye jaribio lilelile kwenye shafti tupu. Shafti ikiwa imetulia, basi mgongo wa chaki haukukatwa sawa na hesi yake. Hiyo hurekebishi kwa tupa.

Lakini usiwe mkali kupita kiasi. Jirani yangu wa vyuma akiona kuyumba kwa milimita 0.1 anacheka, kwetu sisi wa mbao ni kitu kidogo. Mti ukishabanwa, patasi yenyewe inauweka katikati, chaki iyumbe isiyumbe. Tatizo huja unapokitoa kipande na kukirudisha, au unapogeuza bakuli ulichimbe ndani: nje ulishamaliza, ndani inakataa kulingana nayo, na ukuta unakuwa mnene upande mmoja. Kama kazi yako ni miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, zinazobanwa huku na huku kwa ncha, hata chaki huihitaji sana.

Sasa taya. Chaki mpya ya bei nafuu ukiifungua kwa ufunguo wake utasikia inakwaruza kama ina mchanga. Usiogope. Huwa ni unga wa chuma uliobaki kiwandani ukachanganyika na grisi. Ifungue yote, ioshe kwa mafuta ya taa, irudishe. Vishikio vya taya vina namba 1 hadi 4, na vinaingia kwa mpangilio huo. Ukikosea, taya hazitakutana katikati. Ikiwa baada ya kuoshwa bado inakaza mahali palepale kila mzunguko, mfereji wake wa konokono, ule wa ndani unaozunguka na kusukuma taya, ni mbovu. Taya zenye kingo za kukata vidole, piga tupa. Skrubu laini zinazolika kichwa, nunua nyingine ngumu.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili: bana kipande cha mti laini kilichokerezwa mviringo, kaza, fungua, utazame alama. Taya zote nne ziwe zimeuma sawa, kuanzia mdomoni hadi ndani. Zikiuma ndani tu na mdomoni zisiume, taya zinainama zikikazwa, na siku moja zitaachia.

Hata hivyo, bakuli langu la mninga lililoruka na kupasua taa halikuruka kwa ubaya wa chaki, ingawa niliitukana wiki nzima. Nilikata ulimi, kile kisehemu cha chini ya bakuli kinachobanwa na taya, ukawa mrefu ukagota chini ndani ya chaki, mabega ya bakuli yakawa hewani. Ulimi uwe mfupi usiguse chini, mabega yakae juu ya taya, na kipenyo kizidi kidogo tu tundu la taya zikiwa karibu kufungwa. Hapo zinakumbatia mviringo mzima. Ukizifungua mno zinauma kwa pembe tu. Mwendo nao: kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10, basi 600 hadi 900, na mti usio mviringo bado anzia chini ya hapo. Kinga ya uso haina mjadala.

Kama fedha ni kidogo, nunua sahani ya kufungia kwa skrubu kwanza. Inashika kuliko chaki yoyote, mradi usitumie skrubu nyeusi za jipsamu. Zile hukatika ghafla.

Jambo moja la dukani. Mwombe fundi wa vyuma akukerezee kipande kifupi chenye hesi na bega kama la shafti yako. Changu nakitia mfukoni nikienda kununua. Muuzaji akikiona tu, huinama na kutoa boksi lililo chini ya meza.