Fiorello: redioni au kwenye runinga?

Mkuu, umeuliza kama Fiorello, mchekeshaji na mtangazaji wa Italia, alitokea redioni au kwenye runinga. Alianzia kwingine kabisa: kuchangamsha watalii kwenye vijiji vya mapumziko kwao Sisilia. Ikafuata kituo cha redio cha Radio Deejay, kisha mwaka 1992 kipindi cha Karaoke cha runinga ya Italia 1 kikampaisha. Anasimama katikati ya uwanja wa mji, nywele kazifunga mkia, anawapa raia wa kawaida kipaza sauti waimbe. Kuigiza kaigiza pia; mtazame akiimba klabuni na Matt Damon na Jude Law kwenye filamu ya The Talented Mr. Ripley (1999). Ila kwangu mimi, redio ndiyo nyumbani kwake. Tafuta vipande vya Viva Radio 2, kipindi cha redio alichokianza 2001 na Marco Baldini: akimwigiza mwandishi Andrea Camilleri, utaapa mzee yumo studio.